Denis Papin, daktari aliyefanya mifupa ya ng'ombe iive kwa mkaa kiduchu

Makongoro hayana haraka. Ukiyabandika kwenye jiko la mkaa, iwe Bagamoyo mjini, Kaole au huku Bunju, jiandae kuchochea na kuongeza mkaa kwa saa kadhaa. Maharage makavu nayo hayako mbali. Na pweza asiyeiva vizuri, utamtafuna mpaka taya zichoke.

Kwenye presha kuka, kazi hiyo hiyo huisha kwa muda mfupi zaidi. Aliyeanzisha chombo hicho hakuwa mpishi wala fundi sufuria. Alikuwa daktari.

Denis Papin alizaliwa tarehe 22 Agosti 1647 karibu na mji wa Blois, Ufaransa. Alisomea udaktari Angers na kuhitimu mwaka 1669, lakini kutibu wagonjwa hakukumkaa moyoni. Alipenda mashine. Akaenda Paris kuwa msaidizi wa mwanasayansi Mholanzi, Christiaan Huygens, kisha mwaka 1675 akavuka kwenda London, ambako alifanya kazi na Robert Boyle kwenye majaribio ya hewa na pampu.

Huko ndiko lilikozaliwa wazo la chungu chake.

Mwaka 1679 aliwaonyesha wanasayansi wa Royal Society ya London chungu kizito chenye mfuniko uliobanwa kwa skrubu. Ukitaka kuelewa alichokifanya, anza na sufuria ya kawaida. Mji kama Bagamoyo uko usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi joto 100 na hapo yanagoma. Chochea unavyotaka, hayapandi. Mkaa unaoongeza unaishia kuwa mvuke unaopotelea hewani.

Mfuniko ukibanwa, mvuke unakosa pa kwenda. Unayakandamiza maji, na joto linapanda hadi karibu nyuzi 120 kwenye presha kuka nyingi za leo. Kwa joto hilo, kano na mifupa migumu vinasalimu amri.

Papin hakuwa na kipimajoto cha kuingiza humo ndani. Alichofanya ni kuweka tone la maji juu ya mfuniko na kuhesabu, kwa kutumia pendulamu, lilichukua sekunde ngapi kukauka. Likikauka upesi, ndani kuna moto. Rahisi, na inafanya kazi.

Tatizo lilikuwa kubwa kuliko hilo. Chungu kilichofungwa kabisa juu ya moto ni bomu. Papin akatoboa tundu kwenye mfuniko, akaliziba kwa kizibo kilichokandamizwa na wenzo wenye uzito. Mvuke ukizidi nguvu, unakiinua kizibo na kutoka. Hiyo ndiyo vali ya usalama, na pengine ndiyo kazi yake kubwa kuliko chungu chenyewe. Kile kidude kinachopiga mluzi jikoni kwako ni kitukuu chake.

Ndiyo maana kidude hicho si cha kuchezea. Maharage hutoa povu na maganda yanayoweza kuziba tundu, hivyo usijaze chungu kupita nusu. Angalia tundu kama liko wazi kabla ya kubandika. Na usilazimishe mfuniko kufunguka kabla mvuke haujaisha, hata kama wageni wameshakaa mkekani.

Aprili 1682, Papin aliwaandalia wanasayansi wenzake chakula cha jioni kilichopikwa chote kwenye chungu chake. John Evelyn, aliyekuwepo, aliandika kwenye shajara yake kwamba mifupa ya ng'ombe na kondoo ililainika kama jibini, kwa makaa yasiyofika robo kilo. Papin alikuwa anahesabu makaa kwa makusudi. Alitaka mifupa inayotupwa iwe chakula cha maskini, na isiwagharimu moto mwingi.

Hesabu hiyo anaijua kila mama wa pwani anayenunua mkaa wa kopo. Siku hizi zipo presha kuka za umeme zinazoivisha sufuria ya maharage kwa chini ya uniti moja, na serikali inazitaja kwenye kampeni ya nishati safi ya kupikia. Bei ya kununulia ndiyo inayowakwamisha wengi.

Papin mwenyewe hakutajirika. Mwaka 1685 Mfalme Louis XIV alifuta sheria iliyowalinda Waprotestanti wa Ufaransa, na Papin, aliyekuwa mmoja wao, akakosa kwao pa kurudi. Akahamia Ujerumani kufundisha hisabati Marburg, baadaye akaishi Kassel.

Mvuke haukumtoka kichwani. Mwaka 1690 alieleza jinsi mvuke unavyoweza kusukuma pistoni ndani ya silinda. Wengine walilikuza wazo hilo likawa injini, na injini zikaja kusukuma meli. Bagamoyo ililijua hilo kwa uchungu: ufukwe wake una kina kifupi, meli kubwa hazikuweza kusogea, na mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao makuu yao Dar es Salaam.

Mwaka 1707 Papin alipakia familia yake kwenye boti ya makasia ya magurudumu aliyoiunda, akishuka mtoni kutoka Kassel. Wengi husema ilikuwa ya mvuke. Hapana, ilizungushwa kwa nguvu za watu. Ilipofika Münden, wenye mashua wa pale, waliokuwa na haki peke yao ya mto ule, waliivunja.

Alirudi London mikono mitupu. Wale waliokula mifupa laini mezani kwake wengi wao walishakufa, na maombi yake ya fedha za majaribio hayakupata majibu ya maana. Barua yake ya mwisho inayofahamika ni ya Januari 1712. Alizikwa tarehe 26 Agosti 1713 kwenye kanisa la St Bride's, siku nne baada ya kutimiza miaka 66.