Askofu Steere, Mpiga Chapa

Wengi wetu tunalijua jina la Askofu Edward Steere kwa sababu ya Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa. Lakini Askofu huyu alikuwa pia mpiga chapa, na kazi yake hiyo ndiyo iliyoandaa njia kwa magazeti ya pwani yetu.

Alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria na kuwa wakili, kisha akaiacha kazi hiyo akapewa daraja takatifu. Alihudumu Skegness, mji mdogo wa pwani ya mashariki ya Uingereza. Mwaka 1863 akafuatana na rafiki yake, Askofu William Tozer, kwenda mto Zambezi. Kazi ya huko haikufaulu, na mwaka 1864 wakahamia Unguja.

Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hawakuwa na wazazi karibu wala kwao pa kurudi. Steere akaona kwamba kuwafundisha kusoma bila kuwa na cha kusoma ni kazi bure. Basi akakaa na wenyeji wa mjini, akajifunza lugha yao na kuandika hadithi walizomsimulia, kisha akazipiga chapa hapo hapo Unguja. Hadithi hizo zilitoka London katika kitabu mwaka 1870.

Vijana wa misheni ndio waliofanya kazi ya chapa pamoja naye. Kazi yenyewe ilitaka uvumilivu: kupanga herufi za risasi moja moja, kinyumenyume, kupaka wino, kugandamiza karatasi, kusahihisha, kisha kuzirudisha herufi zote mahali pake. Watoto waliokuwa wameuzwa kama mizigo sasa walikuwa wakitengeneza vitabu. Mmoja wa wale watano, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879.

Steere aliwekwa wakfu kuwa Askofu mwaka 1874, lakini hakuiacha kazi ya lugha. Alikuwa akitafsiri Maandiko hata alipofariki Agosti 1882. Alizikwa nyuma ya altare ya kanisa lile alilolijenga.

Yeye mwenyewe hakuliona gazeti. Miaka sita baadaye, mwaka 1888, chuo cha Kiungani kilianza kutoa Msimulizi. Walimu wenyeji wa Unguja, Magila, Masasi na Newala walipeleka habari za vituo vyao: safari, shule, hata michezo. Katika miaka ya 1890 Magila nayo ikawa na Habari za Mwezi. Mtu aliyetengwa na wenzake kwa mwendo wa siku nyingi kwa miguu aliweza kujua nani amepewa daraja na nani amefariki. Vijana waliosoma pamoja hawakupoteana tena.

Mtambo wa chapa ulitoka ng'ambo, lakini habari zilikuwa za wenyeji, nao waliziandika wenyewe. Gazeti la mahali padogo huishi kwa namna hiyo mpaka leo. Basi, ndugu, arusi, misiba na kazi za mtaa wako zisipoandikwa na wewe uliyeziona, ni nani atakayeziandika?