Apolo Kivebulaya: Askari Aliyevuka Semliki na Jembe

Mto Mubuku huteremka kutoka kwenye theluji ya Rwenzori, ukaikata njia ya Fort Portal, kisha humwaga maji yake katika Ziwa George. Atokaye Katwe kwenda Toro kwa kufuata miguu ya mlima hana budi kuuvuka. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard alileta majeshi katika sehemu hizi, akajenga ngome Katwe penye ziwa la chumvi, akamrudisha Kasagama katika kiti cha ufalme wa Toro. Miongoni mwa waliofuata msafara ule alikuwamo kijana mmoja wa Kiganda, jina lake Waswa.

Waswa alizaliwa Singo, katika Buganda, yapata mwaka 1864. Jina hilo hupewa pacha wa kiume anayetangulia kuzaliwa. Katika ujana wake aliifuata dini ya Kiislamu, kisha akavutwa na mafundisho ya Mskoti Alexander Mackay, akaingia upande wa Waprotestanti. Zilikuwa zama za vita vya dini, na Waswa alishika bunduki kama vijana wenzake wengi. Alizoea kuvaa koti jekundu la kijeshi pamoja na kanzu yake nyeupe, na watu wakamwita Kivebulaya, maana yake kitu kilichotoka Ulaya. Jina likamganda hata kaburini. Mwaka 1895 alibatizwa, akachagua kuitwa Apolo, na mwaka huo huo akapelekwa Toro kuwa mwalimu wa dini.

Ng'ambo ya Toro, ukishapita ncha ya kaskazini ya Rwenzori na kuuvuka mto Semliki, iko nchi ya Mboga, ambayo siku hizi huitwa Boga. Mtawala wake aliitwa Tabaro. Walimu wawili waliotangulia huko walishindwa kwa njaa, kwa sababu Tabaro hakutaka walishwe, wakarudi. Ilipotafutwa nafsi ya tatu, Apolo alijitolea. Hakuomba bunduki wala walinzi. Alinunua jembe, akalichukua begani, akavuka mlima na mto mwishoni mwa mwaka 1896. Shabaha yake ilikuwa wazi: mwenye kulima chakula chake mwenyewe hafukuzwi kwa njaa.

Askari yeyote aliyepangwa mpakani anaelewa busara hiyo. Kikosi kinachotegemea sahani ya mwenyeji kimekwisha kushindwa kabla ya adui kutokea.

Hata hivyo, jembe halikumkinga na kila baa. Siku moja, katika kazi ya kukusanya matete ya kujengea, mkuki wake ulikuwa umeachwa majanini. Dada wa Tabaro aliuangukia, akafa. Apolo alishitakiwa kwa mauaji, akafungwa, akapelekwa mpaka ngome ya serikali huko Toro, akatiwa gerezani. Adui zake waliona kwamba habari yake imekwisha.

Hapa msomaji mwenye silaha mkononi asimame kidogo. Mkuki ule haukurushwa na mtu. Haukuwa na hasira wala nia. Ulikuwa umelala tu mahali ambapo mtu mwingine angeweza kupita, na hilo lilitosha kuua. Vilevile askari polisi aone upande wa pili: maiti ipo, silaha ipo, mwenye silaha anajulikana na anachukiwa na mtawala. Kwa mpelelezi mvivu, kesi ile ilikuwa imekwisha. Lakini mauti yaliyotokana na ajali si mauaji, na ukweli ulipobainika Apolo alifunguliwa.

Mtu mwingine angalimshukuru Mungu na kurejea kwao Buganda. Apolo aligeuza uso, akavuka Semliki tena, akaenda kukaa kati ya watu wale wale waliomtia pingu. Alisimulia baadaye kwamba katika siku zile za dhiki alimwona Yesu Kristo aking'aa kama jua, akimtia moyo asiiache kazi. Tabaro alishangazwa na mtu asiyelipiza kisasi. Mwishowe mtawala huyo mwenyewe akaomba kufundishwa, akabatizwa kwa jina la Paulo.

Mwaka 1900 Apolo alipewa daraja la shemasi, na mwaka 1903 ukasisi. Kwa miaka mingi alitumika Toro. Wakati huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakigawana ardhi, na kwa mapatano ya mwaka 1910 Mboga ikaangukia Kongo ya Wabelgiji. Mpaka ule haukumzuia. Alirejea Mboga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaifanya maskani yake ya kudumu. Kutoka hapo aliingia katika msitu wa Ituri, akawafuata Wambuti, watu wafupi ambao majirani zao waliwadharau, akakaa nao na kuwafundisha. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe. Cheo hicho hakikumtoa msituni.

Moyo wake ulipodhoofu, alitibiwa Kampala, lakini hakukubali kufia huko. Alirudi Mboga, akafariki tarehe 30 Mei, 1933. Aliacha wosia kwamba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu mkubwa wa Kongo, kinyume cha desturi, ili hata maiti yake ioneshe njia ambayo kazi ilibaki.

Leo iko dayosisi ya Kianglikana yenye jina la Boga, na tarehe 30 Mei Waanglikana humkumbuka. Amani ya mahali hapo, hata hivyo, haikudumu. Mwishoni mwa Mei 2021, siku zile zile za kumbukumbu yake, waasi wa ADF walishambulia Boga na Tchabi, wakaua watu zaidi ya 50. Mwezi wa Novemba mwaka huo majeshi ya Uganda yaliingia Kongo kushirikiana na majeshi ya nchi hiyo dhidi ya waasi hao.

Basi askari atakayevuka mpaka huo na ajue kwamba njia ile ilikwisha kukanyagwa na askari mwingine. Yule alipokewa kwa chuki, akashitakiwa bure, akarudi bila kinyongo. Wenyeji wa Boga bado wanalikumbuka jina lake. Hawatakosa kumpima kila ageni ajaye kutoka Uganda kwa kipimo hicho.