Robert Koch na Matezi ya Ng'ombe

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba, 1843, katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Baba yake alikuwa mtu wa kazi za migodi, na watoto nyumbani walikuwa wengi. Alisomea udaktari Göttingen, akafuzu mwaka 1866, kisha akawa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein. Hakuwa na maabara kubwa. Alikuwa na darubini, panya na subira. Kwa vitu hivyo, mwaka 1876, alionyesha kwamba kimeta, ugonjwa unaoua ng'ombe na kondoo, huletwa na bakteria. Tarehe 24 Machi, 1882, mjini Berlin, aliwaonyesha madaktari wenzake bakteria wa kifua kikuu.

Sifa zake zikaenea. Aliitwa huku na huku: Misri na India kwa ajili ya kipindupindu, Afrika Kusini kwa ajili ya sotoka, na mwaka 1897 akafika Dar es Salaam. Huko alipima damu ya watu wenye malaria, na ya ng'ombe wagonjwa pia. Alidhani kwamba ng'ombe wa pwani hii wana homa ile ile ijulikanayo Marekani. Mwaka 1903, akiwa Rhodesia, alitambua kuwa ni ugonjwa wa peke yake, akauita kwa jina la pwani. Huo ndio ndigana kali, uletwao na kupe, ambao huvimbisha matezi ya ng'ombe chini ya sikio na mbele ya bega. Viini vyake si bakteria. Hivyo Koch alijisahihisha.

Lakini kosa jingine hakuliacha. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hukaa katika matezi, ya koo, ya kifua na ya matumbo. Ng'ombe aweza kuonekana mzima, kumbe matezi yake yameoza ndani. Koch aliwatia ng'ombe bakteria waliotoka kwa wanadamu, na ng'ombe hawakuugua. Basi mwaka 1901, mbele ya mkutano mkubwa London, akatangaza kwamba maziwa na nyama ya ng'ombe wagonjwa havina hatari kubwa kwa watu. Wengi walishtuka, maana walikuwa wameona watoto wanywao maziwa mabichi wakivimba matezi ya shingo. Serikali ya Uingereza ikaweka tume kuchunguza.

Mwaka 1905 Koch alirudi kwetu, akachunguza homa ya papasi, na mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel. Alifariki tarehe 27 Mei, 1910, akiwa bado ameshika neno lake. Mwaka uliofuata tume ikamaliza kazi: ugonjwa wa ng'ombe huambukiza watu, na watoto hasa, kwa njia ya maziwa.

Wasomaji wapenzi, tusimdharau mtu huyu. Dawa aliyoitengeneza mwaka 1890, ambayo haikuponya watu kama alivyotumaini, ndiyo itumikayo mpaka leo kuwatambua ng'ombe wenye kifua kikuu. Lakini tukumbuke kwamba jina kubwa si ushahidi. Machinjioni mkaguzi hupasua matezi kabla ya kupiga mhuri, hamwamini ng'ombe kwa unene wake. Nasi nyumbani, hapa Bagamoyo, tuchemshe maziwa kabla ya kuwapa watoto.