Josina Machel na Kazi ya Wanawake Pande Mbili za Mto Ruvuma

Ifikapo tarehe 7 Aprili kila mwaka, Watanzania humkumbuka Rais wa Kwanza wa Zanzibar, Hayati Sheikh Abeid Amani Karume, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1972. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, siku hiyohiyo ni Siku ya Mwanamke wa Msumbiji, na chimbuko lake ni kifo kilichotokea jijini Dar es Salaam mwaka mmoja kabla ya kile cha Sheikh Karume. Aliyefariki alikuwa mwanamke mwenye umri wa miaka 25, mama wa mtoto mmoja mdogo na kiongozi katika Chama cha Ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO. Jina lake ni Josina Machel.

Wananchi wa mikoa ya kusini wanayo sababu ya pekee ya kuyafahamu maisha yake. Katika Kata ya Chidya wilayani Masasi, kama ilivyo Newala na Tandahimba, mto huo haujawahi kuwa ukuta. Wamakonde, Wamakua na Wayao wanaishi kando zote mbili, wanaoana, wanazikana, na tangu enzi za babu zao wamekuwa wakivuka kutafuta riziki. Josina hakuzaliwa katika makabila hayo, lakini sehemu kubwa ya kazi iliyompa jina aliifanya miongoni mwa watu hao, ama Kusini mwa Tanzania au katika misitu ya Cabo Delgado na Niassa inayopakana nayo.

Josina Abiathar Muthemba alizaliwa tarehe 10 Agosti 1945 huko Vilankulo, katika Jimbo la Inhambane. Kwa miongo mingi jimbo hilo lilipeleka maelfu ya wanaume katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini kwa mikataba iliyosimamiwa na serikali ya kikoloni ya Ureno. Sehemu ya ujira wa mchimbaji ilizuiwa hadi arejee nyumbani, na Ureno ilinufaika na mpango huo kuliko yeye aliyeshuka shimoni. Huku nyuma, mashamba, wazee na watoto vilibaki mikononi mwa wanawake. Familia ya Josina ilikuwa na nafuu, kwani ilihesabiwa miongoni mwa Waafrika wachache ambao Wareno waliwatambua kuwa wamestaarabika kwa kipimo chao, hivyo watoto wake waliruhusiwa kusoma. Alipokuwa na umri wa miaka saba alianza shule katika mji wa Mocímboa da Praia, pwani ya Cabo Delgado, si mbali na mdomo wa Ruvuma.

Hali ya wazazi wa Kimakonde waliokaa bara ya mji huo ilikuwa nyingine kabisa. Tangu miaka ya 1930 wakulima wa Kaskazini mwa Msumbiji walilazimishwa kulima pamba na kuiuza kwa makampuni yaliyopewa haki ya pekee ya kuinunua, kwa bei iliyopangwa na wanunuzi. Asiyetimiza kiwango alichapwa au kupelekwa katika kazi za shuruti zilizojulikana kwa jina la chibalo. Ndipo wengi wakavuka Ruvuma kuingia Tanganyika kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Lindi, Mtwara na hata Tanga. Manamba alidhulumiwa, hilo halina ubishi, lakini angalau alikuwa na kipande kilichoonesha siku alizofanya kazi. Mke aliyebaki uwanda wa Mueda akipalilia pamba, akitwanga mahindi, akiteka maji mabondeni na kulea watoto, kazi yake haikuandikwa popote.

Wahamiaji hao hao ndio waliounda vyama vya mwanzo vya kudai haki za Wamakonde wa Msumbiji waliokuwa Tanganyika. Madai yao ya kurejea nyumbani kwa heshima yalijibiwa kwa risasi mjini Mueda tarehe 16 Juni 1960, watu wengi wakauawa. Miaka miwili baadaye, Juni 1962, vyama vitatu viliungana jijini Dar es Salaam na kuzaa FRELIMO chini ya Dkt. Eduardo Mondlane.

Wakati huo Josina alikuwa mwanafunzi mjini Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo. Alikuwa ameingia katika umoja wa wanafunzi wa Kiafrika uliokuwa ukisomesha siasa kwa siri chini ya pua ya polisi wa Ureno. Mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 18, alitoroka na wenzake kadhaa, miongoni mwao Armando Guebuza ambaye baadaye alikuja kuwa Rais wa Msumbiji. Walifika hadi Maporomoko ya Victoria, mpakani mwa Rhodesia na Zambia, wakakamatwa na kurudishwa mikononi mwa Wareno. Alifungwa kwa miezi kadhaa. Alipoachiwa aliendelea kuandamwa na polisi, na mwaka 1965 akatoroka tena. Safari hii alipita Swaziland, Afrika Kusini na Botswana, akakaa katika kambi ya wakimbizi ya Francistown, akaponea chupuchupu kurudishwa alikotoka, kisha akafika Zambia na hatimaye Dar es Salaam.

Tanzania aliyoikuta ilikuwa imekwisha kuchagua upande. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na Mwalimu Julius Nyerere alikuwa ameruhusu wapigania uhuru wafungue ofisi, shule na kambi. Gharama ya uamuzi huo ilibebwa kwanza na wananchi wa mpakani. Vita vilipoanza Cabo Delgado mwezi Septemba 1964, maelfu ya wakimbizi, wengi wao wanawake na watoto, walivuka mto na kuingia Newala, Masasi, Tunduru na Songea. Vijiji viliwapokea kabla ya misaada kufika, kwa chakula kilekile kilichokuwa ghalani. Kanisa Anglikana Dayosisi ya Masasi, chini ya Askofu Trevor Huddleston, lilishiriki kuwahudumia, na baadaye Serikali ilifungua makazi rasmi kama yale ya Rutamba huko Lindi.

Josina alipewa kazi katika Taasisi ya Msumbiji jijini Dar es Salaam, shule iliyoongozwa na Janet Mondlane, mke wa Rais wa FRELIMO. Muda si mrefu akapata nafasi ya masomo ya chuo kikuu nchini Uswisi. Kwa kijana aliyekuwa amevuka nchi nzima kwa miguu na mabasi ili asome, hiyo ilikuwa zawadi kubwa. Aliikataa. Uamuzi huo hauwezi kueleweka bila kutazama jambo lililokuwa likijadiliwa ndani ya FRELIMO wakati huohuo, yaani nafasi ya mwanamke katika vita.

Tangu siku ya kwanza wanawake walikuwa ndani ya vita hivyo. Silaha na dawa zilivuka Ruvuma na kupelekwa mamia ya kilomita ndani ya Msumbiji vichwani mwa wanawake, na mazao ya kubadilishana yakarudi kwa njia hiyohiyo. Walilima chakula cha wapiganaji, waliwapikia, waliwauguza. Hata hivyo, haya yote yalichukuliwa kuwa wajibu wa kawaida wa kike, mwendelezo wa jikoni na shamba, na aliyeyafanya hakuwa na sauti katika kikao chochote. Mwishoni mwa mwaka 1966 Kamati Kuu iliamua kwamba wanawake wapewe mafunzo ya kijeshi na ya kisiasa. Mwaka 1967 wanawake 25, Josina akiwa mmoja wao, walifundishwa kwa miezi mitatu katika kambi ya Nachingwea. Kambi hiyo ilikuwa katika eneo ambalo miaka ishirini nyuma Waingereza walijaribu mradi wao mkubwa wa karanga ulioshindwa vibaya. Ardhi iliyogoma kuzaa karanga ikazaa Kikosi cha Wanawake.

Upinzani haukukosekana. Wapo wanaume walioona ni fedheha kwa binti zao kushika bunduki, na wapo wazee waliohofia kwamba mahari na ndoa za kupangwa zingepoteza maana. Hofu hiyo haikuwa bure, kwa kuwa kikosi kilipokelewa vijijini na wanawake wenzao kwa namna ambayo makamisaa wa kiume hawakuwahi kupokelewa. Wasichana waliokuwa wakiozwa kwa nguvu walikimbilia humo. Kazi zake zilikuwa kulinda maeneo yaliyokombolewa, kuhamasisha wanavijiji, kufundisha kusoma na kuandika, na kuendesha zahanati na vituo vya watoto.

Mkutano Mkuu wa Pili wa FRELIMO ulifanyika Julai 1968 katika ardhi iliyokombolewa ya Niassa. Josina alikuwa mjumbe, na alisimama kutetea ushiriki kamili wa wanawake katika kila ngazi, ikiwemo ya maamuzi. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kukwepa: mtu anayebeba mzigo wa vita hawezi kuwekwa nje ya chumba ambamo vita vinapangwa. Hakukubali kwamba suala la wanawake lingoje hadi bendera ya Ureno ishuke. Hakuchukulia pia kwamba adui wa mwanamke ni mwanamume. Alilaumu mfumo uliowanyonya wote wawili pamoja na mila zilizomwongezea mmoja mzigo wa pili. Mwaka 1969, akiwa hajatimiza miaka 24, alikabidhiwa sehemu ya wanawake katika idara ya mambo ya nje ya chama, na akaiwakilisha FRELIMO katika mikutano ya kimataifa.

Mwaka huo ulianza kwa msiba. Tarehe 3 Februari Dkt. Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Mwezi Mei, katika kituo cha elimu cha FRELIMO huko Tunduru, Josina alifunga ndoa na Samora Machel, mkuu wa jeshi la chama ambaye mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa Rais wa FRELIMO. Mtoto wao wa kiume alizaliwa mwezi Novemba.

Kisha akapewa Idara ya Masuala ya Jamii, na hapo ndipo kazi yake ilipogusa maisha ya watu kwa ukaribu zaidi. Vita vilikuwa vimeacha yatima wengi, na wapo watoto ambao wazazi wao walikuwa hai lakini mstari wa mbele. Josina alisimamia vituo vya kulelea watoto hao katika Niassa na Cabo Delgado, shule zao na huduma za afya. Kwake malezi yalikuwa kazi inayostahili kupangwa, kugawanywa na kuwekewa watu waliofunzwa, sawa na usafirishaji wa risasi. Yeye mwenyewe alilazimika kumwacha mwanawe mchanga kwa rafiki ili aende kukagua vituo hivyo kwa miguu. Ni jambo ambalo mama anayeacha mtoto kwa jirani akaenda kibaruani, awe Masasi au Maputo, halihitaji kufafanuliwa.

Mwaka 1970 alianza kudhoofika na kusumbuliwa na maumivu ya tumbo. Alipelekwa Moscow kwa matibabu, akarudi akiwa ameshauriwa kupumzika. Badala ya kupumzika, aliingia Cabo Delgado kwa ziara nyingine ndefu ya kukagua huduma za jamii. Inasimuliwa kwamba mwezi Machi 1971, akirejea mpakani mwa Tanzania akiwa hana nguvu, aliwakabidhi wenzake bastola yake ili iendelee kutumika. Alifariki hospitalini Dar es Salaam tarehe 7 Aprili na kuzikwa jijini humo. Baada ya uhuru mabaki yake yalihamishiwa Maputo, katika uwanja wa mashujaa.

Mwezi Machi 1973 wanawake wa Msumbiji walikutana Tunduru, mahali palepale alipofungia ndoa, na kuunda jumuiya yao ya kitaifa. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Mjini Maputo, shule ya sekondari iliyokuwa ikiitwa kwa jina la Salazar, mtawala wa Ureno, ilipewa jina la Josina Machel, na ndilo inalotumia hadi leo.