Seyyid Barghash na Njia ya Mlimani

Ndugu msomaji, ukisafiri kutoka Kilosa kwenda Mikumi wapita chini ya milima ya Usagara. Katika karne ya 19 misafara ya bara ilivuka nchi hiyo kuelekea Bagamoyo, mingine ikichukua pembe za ndovu, mingine wanadamu waliofungwa minyororo. Basi zisome habari za mfalme aliyeikataza biashara hiyo.

Seyyid Barghash bin Said alipata ufalme wa Unguja mwaka 1870. Hazina yake ilitegemea ushuru, ukiwemo ushuru wa watumwa, na matajiri wa mashamba ya karafuu waliishi kwa jasho la watumwa. Hao ndio waliokuwa nguzo za kiti chake. Kwa hiyo Waingereza walipomtaka aifunge biashara hiyo mapema mwaka 1873, alikataa. Alipotishwa kwa manowari ndipo alipotia sahihi, tarehe 5 Juni, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Lakini wenye faida hawakukubali kushindwa. Waliiacha bahari wakashika njia ya nchi kavu. Mwaka 1876 Seyyid akaipiga marufuku misafara hiyo pia, ijapokuwa wafanya biashara wa Kilwa walichukia mno. Kisha akaunda jeshi jipya chini ya Mwingereza Lloyd Mathews, na askari wake wakawekwa hata Mamboya, kaskazini ya Kilosa.

Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alifika Usagara, akafanya mkataba na Sultani Mangungo wa Msovero. Seyyid alilalamika, lakini manowari za Kijerumani zikamlazimisha kunyamaza mwaka 1885. Alifariki Machi 1888, na utumwa wenyewe ukabaki halali Unguja mpaka mwaka 1897.

Ewe mtafuta haki, pengine umeambiwa kuwa wale waliotetea utumwa waliutetea Uislamu. Sivyo, walitetea mifuko yao. Qur'ani Tukufu, katika Sura Al-Balad, yafundisha kwamba kumwacha huru mtumwa ni kupanda njia ngumu ya mlimani. Seyyid Barghash aliipanda njia hiyo kwa kusukumwa, naye hakufika kileleni.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, tarehe 23 Machi 1889, Seyidna Ahmad a.s. alipokea baiati ya kwanza mjini Ludhiana, India, akiwaita watu watende haki kwa hiari, kwa kumcha Mungu. Je, ndugu, wewe wangoja manowari?