Lord Delamere: Mlowezi aliyetaka Kenya iwe nchi ya Wazungu

MTAA wa Pioneer mjini Eldoret una jina la Kiingereza lenye maana ya mtangulizi. Kwa walowezi wa Kizungu nchini Kenya, mtangulizi mkuu alikuwa Hugh Cholmondeley, Lord Delamere wa tatu, ingawa mashamba yake yalikuwa Njoro na Elmenteita.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1870, na mwaka 1887 akarithi cheo na mashamba makubwa ya ukoo wake Cheshire. Alikuja Afrika kuwinda. Huko Somaliland simba alimjeruhi mguu, akachechemea maisha yake yote. Mwaka 1897 msafara wake ulifika nyanda za juu za Kenya, naye akavutiwa na rutuba yake.

Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimkodisha ekari 100,000 huko Njoro. Kondoo aliowaagiza walikufa kwa wingi, kwani malisho yalikosa madini. Wamaasai walilijua hilo na waliiepuka ardhi hiyo. Ng'ombe nao waliangamizwa na maradhi. Alipogeukia ngano, ikashambuliwa na kutu. Hakukata tamaa: aligharimia utafiti wa mbegu zinazostahimili kutu, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya Unga Limited. Ngano baadaye ikawa zao kuu la Uasin Gishu.

Tambarare hiyo ya Uasin Gishu ndiyo Uingereza iliyotaka kuwapa Wayahudi mwaka 1903. Delamere aliongoza upinzani wa walowezi. Wayahudi walilikataa pendekezo hilo mwaka 1905, na kuanzia mwaka 1908 Makaburu wakapewa mashamba huko. Wanandi, waliolisha mifugo yao katika tambarare hiyo, hawakuulizwa.

Yeye mwenyewe alipata shamba la Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita, baada ya mkataba wa mwaka 1904 kuwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa. Hata hivyo alikisema Kimaasai, akawaajiri Wamaasai kuchunga mifugo yake, na aliwastahi sana.

Aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1907, na mwaka 1920 akachaguliwa kuwakilisha Bonde la Ufa. Shabaha yake ilikuwa Kenya itawaliwe na walowezi, kama ilivyokuwa Afrika Kusini. Mwaka 1923 serikali ya Uingereza ilitamka kwamba maslahi ya Waafrika yatatangulizwa. Tamko hilo halikurudisha ardhi, lakini lilizuia ndoto ya walowezi kujitawala.

Lord Delamere alifariki dunia Novemba 13, 1931, akazikwa Soysambu. Aliacha madeni makubwa. Sanamu yake jijini Nairobi iliondolewa Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, na barabara iliyoitwa kwa jina lake ikawa Kenyatta Avenue. Ngano aliyoihangaikia ingali inalimwa nyanda za juu, na swali la nani mwenye haki ya ardhi hiyo halijazikwa pamoja naye.