Maisha ya Elliot Kamwana, Mtu Aliyetaja Mwaka wa Mwisho



Tulipokuwa tukingojea egzameni ya Leta, karatasi moja ilizunguka katika madarasa yetu. Ilitaja siku ambayo dunia itaunguzwa na moto. Wenzetu wengine waliacha kurudilia masomo, wakasema ni kazi bure. Ile siku ikapita, egzameni ikafika. Kwa hiyo tumeona vizuri kuwaelezea maisha ya Elliot Kenan Kamwana.

Kamwana alikuwa Mtonga wa kando ya ziwa Nyasa, katika inchi ya Nyasaland, leo Malawi. Alisoma kwa wamisionere wa Uskoti pale Bandawe, kisha Livingstonia. Mwaka 1901 aliacha masomo kwa kuchukizwa na minervali. Hili jambo la minervali hakuna mtu hapa asiyelijua! Akaenda Afrika ya Kusini. Kule mchungaji Joseph Booth alimfundisha vitabu vya Charles Taze Russell wa Marekani. Russell alihesabu miaka ya Biblia, na mwaka 1889 alichapisha kwamba falme za dunia zitafika mwisho mwaka 1914.

Kuhesabu namna hii si jambo jipya. Mwaka 1499 Johannes Stöffler, mnajimu wa Ujerumani, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba Februari 1524 sayari nyingi zitakutana katika nyota za Samaki. Wengine wakachapisha vitabu vidogo vingi: gharika inakuja! Watu wakashikwa na woga. Februari ikafika, gharika hapana. Lakini mwaka ule ule wakulima wa Ujerumani walianza kuasi, sababu ya kodi na kazi ya nguvu. Taabu yao ilikuwa ya kweli, lakini haikutoka kwa nyota.

Njo vile ilivyokuwa Nyasaland pia. Kamwana alirudi mwaka 1908, akahubiri kwamba Oktoba 1914 Wazungu wataondoka na kodi itakwisha. Kwa miezi michache alibatiza watu karibu 10,000. Sababu gani? Kodi ya nyumba iliwasukuma wanaume kwenda mbali kutafuta kazi, na misioni iliwangojesha watu miaka mbele ya ubatizo. Yeye aliwabatiza mara moja. Mwaka 1909 serikali ikamfukuza.

Oktoba 1914 ikafika. Serikali ikabaki, kodi ikabaki. Tena vita ya Wazungu ilikuwa imekwisha kuanza, na watu wengi wakachukuliwa kubeba mizigo yake. Kisha maasi ya John Chilembwe ya mwaka 1915, Kamwana alipelekwa mbali, mpaka visiwa vya Seychelles, ijapokuwa si yeye aliyeongoza maasi yale. Alirudi mwaka 1937, akaongoza kanisa lake mwenyewe, akafa mwaka 1956.

Lakini mafundisho hayakufa mwaka 1914. Yalitembea na wafanyakazi mpaka huku kwetu kwenye mukuba, yakaitwa Kitawala, yakafuata njia yao wenyewe, mbali na wale wa Marekani. Wabelgiji wakayakataza na kufunga watu. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, aliingia Katanga kutoka Rodezia ya Kaskazini. Alitumia maji ya ubatizo kutafuta walozi, na watu wengi wakauawa. Alinyongwa mwaka 1926. Woga ukipata kiongozi mubaya, jirani anageuka adui.

Sisi hatumcheki Kamwana. Tarehe yake ilikuwa ya uongo, lakini maumivu ya watu aliyaona vizuri kuliko wakubwa wengi wa wakati ule. Basi mutu akikuletea tarehe, ikiwa kwa karatasi ao kwa telefone, umuulize nani aliihesabu na namna gani. Kisha ujiulize wewe mwenyewe ni taabu gani inayokufanya utake kuiamini. Ile taabu, tuizungumze pamoja, na wazazi na walimu. Someni Matayo 24:36, halafu mufungue tena kayé zenu, maana egzameni ya mwaka kesho, tarehe yake itatangazwa na Leta.